Kikao Mlichokaa Juu ya Tumbo Langu

Hamisi, nani amekuambia tumbo langu ni shamba la marehemu, hata mlikalie kikao wanaume saba na mwenyewe ni hai? Nimekuzaa kwa tumbo hilo hilo bila kuomba ruhusa ya baraza.

Salamu zako ni hizi, maana adabu sijaikosa hata nikikasirika. Assalaam aleikum. Natumai mko wazima hapo Kikoneni, wewe na mkeo na wajukuu wangu, na mvua imeipata mihogo. Mimi huku Nairobi kwa dada yako Mwanaisha huu mwezi wa tatu, na wiki mbili hizi nimelazwa hospitali. Baridi inaniuma mifupani, na chai ya wodini haina hata harufu ya iliki. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zangu nilizojifunza ukubwani darasa la ngumbaru, kwa sababu kwenye simu kila nikianza unasema "Mama, tulia," kisha unampa simu ami yako Bakari. Karatasi hii ni yako, usimpe.

Sasa sikia. Nilipangiwa kupasuliwa Jumanne. Jumatatu nikanyimwa chakula, nikanyweshwa dawa ya kusafisha tumbo, nikaenda chooni mpaka miguu ikatetemeka. Asubuhi kikaja kitanda cha magurudumu, kikanipita, kikamchukua mama mmoja wa Kitui tuliyelala naye jirani. Nikadhani wamekosea. Yule mama alipokuwa anafunikwa shuka akanigeukia.

"Pole, Bibi. Nasikia kwenu wamekataa."

Kwetu nani? Mwanaisha alipofika nikamkalisha. Akaanza kuikunja leso yake.

"Mama, kaka alipiga simu. Wazee wamekaa, wanasema ukipasuliwa saratani itatawanyika. Urudi unywe kombe kwanza."

"Saratani ipi? Si mlisema vidonda vya tumbo?"

Akalia.

"Usilie, nijibu. Daktari ulimwambia nini?"

"Nilimwambia tungoje."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo hapo, Hamisi, na njaa yangu. Basi hilo jina mlilonificha nimelijua. Saratani ya utumbo mpana. Nimelitamka na sijafa kwa kulitamka.

Nikamwita daktari. Ni msichana tu, rika la binti yako mkubwa, na huniita shosho.

"Shosho, nilidhani watoto wamekueleza."

"Nieleze wewe. Na kwetu ni Bibi."

Akavuta kiti, akanichorea utumbo nyuma ya karatasi. Uvimbe uko hapa, akasema, tunakikata kipande hiki kisha tunaunga huku na huku. Kipande kinakwenda maabara. Wakiona ugonjwa umeshika tezi za jirani, nitatiwa dawa kali za dripu kwa miezi. Nikamuuliza kuhusu kuchomwa kwa mionzi, maana ndiko mnakotishana nako huko. Akasema uvimbe wangu uko juu, mbali na njia ya haja, mionzi si dawa yake.

"Nikirudi nyumbani kwanza?"

"Utumbo utaziba, Bibi. Utaletwa ukitapika, tukupasue mbio mbio na wewe umeshadhoofika."

"Ukinikata nitapona?"

"Siwezi kukuapia. Picha haikuonyesha kuwa ugonjwa umefika kwenye ini. Ndiyo maana sitaki ungoje."

Kwa kukataa kuniapia ndipo nilipomwamini. Yule muuza mizizi wa Msambweni aliniapia kwa kila chupa. Mwaka mzima naona damu chooni, najiambia ni bawasiri, nakunywa mizizi na kuficha kwa haya. Kosa hilo ni langu, simtupii mtu. Lakini silirudii kwa kumpendeza ami yako.

Nasikia pia mmesema nikiwekewa mfuko wa choo tumboni sitaswali tena. Nani kati yenu amesoma hivyo? Mfuko huenda nisiwekewe, na nikiwekewa huenda ukatolewa baadaye. Nilimtuma Mwanaisha kwa imamu wa msikiti wa hapa karibu. Jibu lake: mgonjwa atatawadha kila wakati wa swala ukiingia, ataswali na mfuko wake. Nyinyi mlio wazima alfajiri mnaipata wangapi?

Kombe silikatai. Mwambieni mwalimu aziandike aya zake kwa zafarani, nitalinywa daktari akiruhusu. Dua haijagombana na kisu, mmevigombanisha nyinyi.

Basi nimetia sahihi. Muuguzi alileta wino wa dole gumba, nikamwambia aurudishe, nikaandika jina langu zima, yeye amesimama ananingoja. Napasuliwa Alhamisi ijayo.

Nisalimie mkeo, mwambie kuku wangu asiwauze. Nisalimie wajukuu mmoja mmoja. Nisalimie somo yangu tunayesuka naye mikeka, yeye mwambie kweli yote, na kama anaona damu aende hospitali asione haya. Ami yako msalimie pia, ni shemeji yangu, sina budi.

Barua hii inakuja na basi la kesho. Ni mimi mama yako mzazi, Mwanasiti binti Salim.

Na sasa utafanya hivi. Hospitali inataka watu wawili wa kunitolea damu. Jumapili panda basi wewe na mwana wa ami yako, yule mnene, mle mshibe njiani, na Jumatatu asubuhi muwe mmekunja mikono ya kanzu mbele ya muuguzi. Maneno yenu yaacheni Kikoneni.