Huruma Aliyoitafuta Mama Yako

Unyambwa, Singida

Mume wangu, Baba Jesca,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi na watoto tu wazima. Alizeti imestawi mwaka huu, na Jesca amechaguliwa kwenda kidato cha tano.

Naandika kukuambia kwamba mama yako ametutoka. Tulimzika Jumamosi, kando ya baba yako.

Tangu rufaa yako ikataliwe na hukumu ya kunyongwa ibaki palepale, hakutulia. Alikwenda kwa mbunge, akaambiwa, "Bibi, sisi bungeni tunatunga sheria, hatutengui hukumu." Akaenda kwa mkuu wa wilaya, naye akasema Serikali haiingilii Mahakama. Mahakamani karani alimweleza kwa upole kwamba kazi yao imekwisha, iliyobaki ni huruma ya Rais. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Mama Jesca, huyo Rais nitampata wapi, nimwambie mwanangu hakuua?"

Tulimwandikia. Bado hatujajibiwa. Mama aliulizia majibu kila asubuhi, mpaka sauti yake ilipokatika.

Mbunge na mkuu wa wilaya walikuja mazikoni, wamepanda gari moja. Walitupa pole, wakakaa kula. Mimi ndiye niliyewanawisha mikono. Nilitaka kuwauliza habari yako, lakini nilichukua birika, nikarudi jikoni.

Usiache kula, Baba Jesca. Mimi bado nakusubiri.

Mkeo,
Kristina