Watoto Niliowapa Jina la Mjomba

Kawangware

Dada yangu Nafula,

Kabla sijakuuliza kama kifua cha nyanya yetu Kukhu kimepoa na kama mahindi yameota, wacha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu. Ni mimi niliyewabadilisha majina watoto wa Gatwekera. Si yule anayelaumiwa.

Nilipomaliza kidato cha nne Mjomba Barasa alinichukua nimsaidie kazi ya kompyuta. Anauzia shule ndogo ndogo programu ya kutayarisha ripoti za wanafunzi. Nyumbani mnadhani aliitunga yeye. Iliandikwa na msichana wa Kisumu anayeitwa Achieng, akaiweka mtandaoni bure. Ameruhusu yeyote aichukue, airekebishe, hata aiuze. Ombi lake ni moja tu, jina lake lisiondolewe. Siku moja nilikwama nikamwandikia, nawe unajua ninavyoogopa watu. Alinielekeza hatua kwa hatua, akamaliza, "Uliza tu, hata mimi nilifunzwa."

Mjomba alipoliona jina lile chini ya ripoti alisema, "Toa hilo, weka langu. Nani atanunua akijua ni ya bure?" Nikaiamuru kompyuta igeuze kila Achieng kuwa Barasa. Nilisahau kwamba orodha ya wanafunzi wa shule moja ya mtaa wa Gatwekera ilikuwa humo humo ndani, na huko kila darasa lina wasichana kadhaa wanaoitwa Achieng.

Siku ya kufunga shule ripoti zilichapishwa asubuhi, hakuna aliyezikagua. Mjomba alikuwa ameketi mbele na tai yake, ametambulishwa kama Bwana Barasa mwenye programu. Mwalimu mgeni akaanza kuita. Faith Barasa. Sharon Barasa. Mercy Barasa. Mzazi mmoja nyuma akasema, "Kumbe mzee wa kompyuta amezaa Gatwekera yote." Watu wakacheka mpaka mabati yakavuma.

Mercy yuko darasa la pili. Mamake hufulia watu nguo huku kwetu Kawangware. Babake alimtazama mkewe, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana nguo za Kawangware haziishi." Akatoka. Tangu siku hiyo mama na mtoto wanalala kwa jirani.

Mjomba alisimama akawapa wazazi pole. Akasema programu iliandikwa na msichana wa Kisumu, Achieng, na kwamba huyo aliweka mtego kwa wivu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mbele ya wateja. Mimi nilikuwa kando nimeshika waya wa printa. Nikaanza kuukunja.

Achieng ametukanwa na watu asiowajua. Aliniandikia, "Wewe umeiona hiyo programu ndani. Waambie hakuna mtego." Sijamjibu.

Juzi mama Mercy alikuja mlangoni kwetu na ile ripoti ndani ya karatasi ya nailoni. Aliomba nimwandikie tu kwamba ni kosa la kompyuta, nitie sahihi, amwonyeshe mumewe. Mjomba akaniambia kutoka chumba cha ndani, "Mwambie akamuulize Achieng." Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Asante, mwanangu," akaenda zake.

Nisalimie Mama, mwambie ndugu yake ananilisha vizuri, hapo sidanganyi. Kukhu asiache kunywa maji moto. Shemeji na pikipiki yake, na huyo mtoto wa mgongoni ambaye sijamwona, wote wasalimie.

Sikutuma kwa simu kwa sababu simu ya Mama inasomwa na kila mtu. Najua jioni huwa unawasomea barua zangu jikoni. Hii wasomee salamu peke yake. Mama akijua atampigia Mjomba, nami nitarudishwa nyumbani kwa aibu. Hata shemeji usimwambie, dada. Barua hii ndiyo karatasi aliyoitaka mama Mercy, na ina sahihi yangu. Ukimaliza, itie motoni.

Mdogo wako,
Nasimiyu