Ruhusa ya Kupenya

Ikungi, Alhamisi jioni

Basi, tumeruhusiwa. Kuanzia leo pikipiki za serikali zinaweza kupenya katikati ya malori kwenye barabara ya Dodoma, badala ya kungoja nyuma na kula vumbi. Afande wa barabarani alitusomea karatasi sisi matarishi wawili, kwa sauti ya mtu anayegawa vyeo.

Tangu malori yaanze kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, nimelalamika kwamba barua zinachelewa. Sasa nimepata nilichokitaka, na sikitaki.

Karatasi inataja malori, haitaji boriti. Watu wanabomoa tembe zao na kupakia boriti za paa, na wazee hawakubali zikatwe hata kidogo. Ncha zinatokeza pembeni, usawa wa kichwa cha mtu aliyepanda pikipiki.

Nilimwuliza afande. Akacheka. "Bwana Saidi, kwani mgongo wako haukunjiki?"

Mwenzangu Yohana hakungoja kesho. Amepenya pale Issuna, amerudi shati limechanika begani, anajisifu. "Nimewahi saa nzima, kaka!"

Nilipima ule mpasuko. Kutoka pale hadi shingoni ni vidole vinne. Mke wangu sijamwambia.

Kesho zamu ni yangu. Bahasha nimeshakabidhiwa, na kwa kuwa gundi yake ilikuwa hafifu, macho yangu yaliingia bahati mbaya. Wilaya inaomba malori zaidi, na juu wameandika: haraka sana.