Gari Lisilo na Klachi

Nyumba ya juu mlimani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Wifi na watoto wanaendeleaje, na kile kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima. Mama analalamika kwamba huandiki, yaani hakuna jipya.

Sasa usinikasirikie. Uliagiza tuchukue lile gari la gia za mkono, kwa kuwa linavutwa na magurudumu ya mbele tu na halinywi mafuta sana. Nimelikataa. Nimechukua mwenzake, otomatiki, lenye kitufe cha kuendesha magurudumu yote manne.

Hukuwapo, Kaka. Tangu kiharusi kilipomlegeza mguu wa kushoto, Baba aliyeendesha malori miaka thelathini amekuwa mtu wa kukaa dirishani. Daktari amemruhusu kuendesha, ila kukanyaga klachi kwa mguu huo hawezi tena. Tungeleta lile la kwako, tungekuwa tumemfungia mlango.

Baba mwenyewe alinicheka pale yadi ya magari. Eti otomatiki ni gari la wanaoogopa magari! Fundi, mama mmoja mfupi wa maneno machache, hakubishana. Alimvua kiatu cha kushoto, akausogeza ule mguu nyuma kabisa, karibu na kiti. Ndivyo anavyowafanyia madereva wote wa zamani, maana mguu uliozoea klachi hukanyaga breki bila kutumwa.

"Huu leo ni abiria, mzee wangu," akamwambia.

Sijui nikueleze vipi. Mvua ilikuwa imenyesha, na unayajua matope ya mlima wetu. Nilishika mlango kwa mikono miwili. Baba akabonyeza kitufe, akakanyaga mafuta taratibu, na gari likapanda! Gurudumu moja likiteleza, mengine yanashika. Gia zinajibadilisha zenyewe, kimya kimya, nikabaki mdomo wazi. Baba naye kila mara anapeleka mkono kwenye gia, anakuta hakuna kazi, anaurudisha gotini.

Nyumbani nilishuka mimi, yeye hakushuka. Alipiga honi tu. Mama akatoka na mapovu ya sabuni mpaka viwikoni.

"Panda, nikupeleke kwa dada yako," Baba akasema.

Wakaondoka hivyo hivyo, na mimi niliyelinunua gari wakanisahau barabarani. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia Baba anaendesha.

Msalimie sana Wifi, wabusu watoto, na Mungu awafunike huko mliko. Baba aliahidi kukuongezea mstari hapa kwa mkono wake. Nimemsubiri tangu asubuhi, lakini wametoka tena.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba