Zamu Yetu ya Maji

Kihurio

Kaka Habibu, shikamoo.

Huku hatujambo. Mpunga unatoa masuke, unataka maji kwelikweli.

Mpwa wako Tausi Jumamosi atawashusha wageni wanne mtoni kwa mtumbwi wa mpira, kwenye yale maporomoko. Ameyakagua kwa miguu wiki nzima, kila jiwe kalichora daftarini, na wanaume wazima wanamsikiliza!

Nikamwuliza habari za jiwe lililompindua marehemu baba yake.

"Maji yakiwa mengi, mama, tunapita juu yake."

Jumamosi hiyohiyo ni zamu yetu ya kumwagilia. Nimewaambia kamati wasitufungulie mfereji. Mwenyekiti akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikamjibu, "Nahodha wa ule mtumbwi nimemzaa mimi. Maji yangu yote yabaki mtoni."

Mdogo wako,
Zaituni