Doa Jeupe Juu ya Kwemtindi

Jumatatu, 8 Machi 1976
Picha imefika kutoka Dar! Imepigwa na setilaiti, chombo kinachozunguka huko juu bila mtu ndani. Usambara nzima kwenye karatasi moja. Msitu umetoka mwekundu. Ndugu Shemhilu, mkuu wetu, anasema ndivyo rangi zake zilivyo. Kazi yangu ni kuihamishia kwenye ramani.

Jumatano, 10 Machi
Nimelinganisha na ramani ya zamani. Juu ya Kwemtindi palikuwa na msitu. Sasa doa jeupe, ardhi tupu. Nimefuta lenzi, nikatazama tena. Jeupe! Na mwenyekiti wa kijiji cha Kwemtindi ni kaka yangu, Fanueli. Mwaka jana aliiandikia ofisi yetu barua: hakuna mti uliokatwa. Ndugu Shemhilu bado hajaliona. Nitaonana na Fanueli kwanza.

Jumamosi, 13 Machi
Nimekwenda Kwemtindi. Nikamwamkia Fanueli, nikamweleza. Hakukana. "Serikali ilitushusha hapa kwa malori, Klara. Mashamba tuliyopewa ni mawe matupu. Tungelima wapi?" Akauliza kama hicho chombo kimeiona na njaa yao.

Mama akanivuta nyuma ya nyumba. Ufa ardhini — mkono wangu umeingia mpaka kiwiko! Unapita mlimani, upande wa juu wa nyumba zote, kuanzia kwa jirani yetu Mwanamisi hadi shuleni. Wanauziba kwa majani ya migomba. Nimemwambia Fanueli awahamishe watu kabla mvua haijauporomosha mlima. Anasema kuhama bila kibali ni kosa, na akiomba kibali wataulizia miti.

Jumatatu, 15 Machi
Nimelichora lile doa. Mstari ulikwenda upande, nikafuta, nikachora tena. Nikampelekea Ndugu Shemhilu na habari za ufa: watu wahamishwe kwanza, mengine baadaye. Akaitikia. Nilimwamini.

Alhamisi, 18 Machi
Mvua tangu jana. Hawakupeleka lori la kuhamisha watu. Walipeleka askari. Fanueli yuko ndani — kwa ramani yangu! Nimeruhusiwa kumwona dakika chache. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, "Nenda uwaambie nimesema watoke." Hakuna basi mpaka kesho.

Ijumaa, 19 Machi
Basi limeishia njia panda, barabara ni tope tupu. Niko barazani pa duka, chini ya Kwemtindi. Watu wanateremka. Mwanamisi nimemkuta hapa, godoro kichwani, wanawe nyuma. Ukuta wake umepasuka alfajiri. Wametoka karibu wote, hawakungoja kuambiwa.

Nikamuulizia Mama. Akatazama chini. "Kakataa. Anasema mwanawe alichukuliwa pale mlangoni, akirudi atamkuta palepale."

Mwenye duka anatafuta kamba, tupande naye. Mwanamisi amemwachia mke wa mwenye duka watoto, anakuja pia. Mlima siuoni, ukungu tu. Sijui nimwambie Mama nini kwanza — atoke, au kwamba aliyechora ni mimi.