Mbegu za Serikali Zilikuta Nyumba Zimefungwa

Asmahani, nimetoka kwa bibi Natalia sasa hivi. Sijui hata nianzie wapi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisema bibi mvivu, haendi shamba? Leo nimejua sababu.

Miaka ya hamsini mafuriko yalisomba mpunga wote. Serikali ikaahidi mbegu za bure kwa wakulima wa Lipangalala. Babu Nikodemu hakuweza kukaa kuzisubiri. Akahamia bondeni na bibi kama kila msimu, wakapanda mbegu kidogo walizoazima, wakalala dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, wakifukuza ndege.

Waliporudi baada ya mavuno, wakamkuta jirani yao Ponsiano, yule mvuvi, amekalia gunia tupu lenye muhuri wa serikali.

"Umelipata wapi?" babu akauliza.

"Bwana shamba alikuta nyumba zimefungwa. Akauliza wakulima wako wapi. Nikamwambia wako shamba. Akasema basi, hapa hakuna wakulima. Akanipa mimi niliyekuwepo."

Soma tena. Wako shamba, kwa hiyo si wakulima.

"Na wewe ukapanda?"

"Nipande wapi, Niko? Tulizipika."



Msimu uliofuata babu alimwacha bibi nyumbani, mlango wazi, amngojee bwana shamba. Bondeni akabaki peke yake na ndege.

Hakuja mtu. Mwaka ule, wala mwingine. Babu aliendelea kumwacha hivyo mpaka alipokufa.

Leo nilipoaga nikaurudishia mlango.

"Uache wazi, mjukuu wangu," bibi akasema.

Nikauacha.